Nimeiacha nyumba, sasa napanga. Kodi nimdai nani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mafuta ya alizeti na karanga Soko la Majengo hapa Dodoma. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2011. Mwaka 2014 tulinunua kiwanja Mkonze kwa mwenyeji mmoja, tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, na jina likaandikwa la mume wangu peke yake. Tulijenga kidogo kidogo. Mabati nilinunua mimi kwa mkopo wa kikoba, nikaulipa mwaka mzima kwa faida ya mafuta. Tulihamia mwaka 2018 nyumba ikiwa haina hata plasta. Baadaye tukaongeza vyumba viwili vya nje, na sasa vina wapangaji. Urasimishaji ulipopita mtaani kwetu hati ikatoka, nayo ina jina lake tu.

Mwezi Machi maneno yalizidi, nikachukua wanangu nikatoka. Hakunipiga, lakini alishaniambia mbele ya watoto kwamba pale si kwangu. Nimepanga chumba kimoja Chang'ombe, shilingi 60,000 kwa mwezi, choo cha kuchangia na umeme wa kuchangia. Mwanzo mwenye nyumba alinionea huruma akapokea ya miezi mitatu, safari hii anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Sina. Mume wangu ni dereva wa taasisi, ana mshahara wa uhakika, na kodi ya wale wapangaji wawili anakusanya yeye.

Nina ndugu yangu yuko Uingereza. Ameniambia kwao mtu akitengana na mwenzake, akatoka kwenye nyumba yake akaenda kupanga, serikali humsaidia kodi. Je, hapa kwetu kuna ofisi ya namna hiyo? Shemeji yangu ananiambia nimeshapoteza kila kitu kwa sababu nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe. Na wiki iliyopita jirani alinipigia simu: kuna dalali kaleta watu kuangalia nyumba. Sitaki talaka, mimi ni Mkatoliki. Nifanye nini?

Mama wa wawili, Chang'ombe

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umeanza na kodi ukamalizia na dalali. Mimi nitaanza na dalali. Mwenye nyumba wa Chang'ombe unaweza kumwomba akuvumilie juma moja, lakini nyumba ikishauzwa, kuirudisha ni kesi ya miaka.

Nyumba mliyokuwa mkiishi wewe na mumeo ni nyumba ya ndoa, hata kama hati ina jina moja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwenye jina kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake maadamu ndoa ipo. Na ndoa yenu ipo. Kulala kwako Chang'ombe hakujaivunja. Kifungu hichohicho kinakutambua wewe usiye na jina kwenye hati kuwa una maslahi katika nyumba ile, maslahi unayoweza kuyalinda kwa kuweka zuio. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo, kifungu cha 161, inamtaka mnunuzi aulize kama mwenza wa muuzaji amekubali.

Ila kuuliza huko mara nyingi huishia kwenye karatasi. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kabla sijaanza kazi hii ya usaidizi wa kisheria, na karatasi hizo nimezishika mkononi: mwanamume mwenye mke na watoto anakula kiapo kwamba hajaoa, au anakuja na mwanamke mwingine kabisa anayetia saini ya ridhaa. Mnunuzi anatosheka, fedha zinahesabiwa, na mke mwenyewe anajua siku mgeni anapokuja kubadilisha kufuli. Ndiyo maana nakusihi usikae ukaingoja sheria ikulinde yenyewe.

Tafuta namba ya kiwanja na ya kitalu. Kama huna nakala ya hati, angalia risiti za kodi ya pango la ardhi au karatasi za urasimishaji. Ukikosa vyote, namba ya kiwanja cha jirani itawasaidia watu wa ardhi kukufikisha kwenye cha kwenu. Chukua cheti cha ndoa na kitambulisho, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo uandikiwe kiapo kinachosema wewe ni mke wa mwenye hati, hiyo ni nyumba ya ndoa, ulichangia hivi na hivi, na umesikia inataka kuuzwa bila ridhaa yako. Kisha nenda ofisi ya Msajili wa Hati hapahapa Dodoma, ueleze kwamba unataka kuweka zuio. Likishaandikwa kwenye daftari, uhamisho wa ile nyumba unasimama. Mumeo atapewa taarifa, na anayo haki ya kwenda Mahakama Kuu kuomba liondolewe. Akienda utaitwa nawe ujieleze. Usiogope hilo. Ila ujue zuio halikupi nyumba wala sehemu ya nyumba, linaishikilia tu isiondoke wakati mengine yanashughulikiwa.

Siku hiyohiyo mpelekee mwenyekiti wa mtaa wa kule Mkonze barua ya kumjulisha, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mnunuzi wa kawaida huwa anapita kwa mwenyekiti kabla ya kutoa fedha, na mwenyekiti aliyekwisha kupokea barua yako hana ujasiri wa kugonga muhuri wa mauziano.

(Kwa wasomaji ambao viwanja vyao havina hati, wana karatasi ya mtaa tu: Msajili hana daftari la kuandika zuio lenu. Ninyi pelekeni barua mtaani na ofisi ya ardhi ya halmashauri, halafu muwahi mahakamani kuomba amri ya muda ya kuzuia uuzaji.)

Sasa la shemeji yako. Amekosea, na maneno hayo yamewaumiza wanawake wengi wa mkoa huu. Mgawanyo wa mali haumuulizi mtu amelala wapi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama iangalie mila za jamii yenu, kila mmoja alichangia nini kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni mliyokopa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Baada ya kupima hayo, ielekee kwenye usawa. Hakuna pale palipoandikwa kwamba aliyetoka mlangoni kaacha haki yake ndani. Jambo moja tu kuhusu kutoka kwako ambalo lina uzito: mahakama ikipanga matunzo huweza kuangalia ni nani amesababisha ndoa kuharibika. Kwa hiyo andika leo, kwa tarehe, yale aliyokuambia mbele ya watoto, na aliyekuwepo ni nani.

Ndugu yako wa Uingereza hakukudanganya. Kule upo msaada wa kodi ya nyumba, na kwa watu wengi walio katika umri wa kufanya kazi siku hizi umeunganishwa ndani ya malipo yanayoitwa Universal Credit. Hata huko hawaufungui mlango tu: mwenye akiba au mali inayozidi pauni 16,000 hapewi, na sehemu yako katika nyumba uliyoiacha kwa sababu ya kutengana husamehewa kwenye hesabu hiyo kwa miezi 6 ya mwanzo, baadaye wanaweza kuanza kuihesabu. Sisi hatuna ofisi ya kulipia mtu kodi. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ina mpango wa kunusuru kaya maskini, lakini ule ni wa kaya zilizo hoi kabisa, zinaibuliwa kwenye mkutano wa wananchi, na haukuundwa kwa ajili ya pango. Usipoteze nauli kuzunguka maofisini kutafuta kitu ambacho hakipo.

Kwetu sheria imeuweka mzigo huo mahali pengine: kwa mumeo. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa kinasema ni wajibu wa mume kumpatia mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Ona neno lililotangulia ni malazi. Wengi wanadhani matunzo ni unga na ada ya shule, wanakwenda kudai debe la mahindi huku kodi inawatafuna peke yao. Mume aliyekataa au kupuuza wajibu huo anaweza kuamriwa na mahakama alipe, kifungu cha 115, na huhitaji kuwa umeomba talaka ndipo umdai. Ya watoto yana sheria yake, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mahakama inaweza hata kuagiza mapato ya mzazi yakamatwe kwa ajili ya mtoto. Mume mwenye mshahara wa taasisi hawezi kuificha hela yake kama mwenye kuuza mbuzi mnadani.

Hapo ndipo kile chumba cha Chang'ombe kinapokuwa na kazi. Mahakama inapopanga kiasi inatazama uwezo wake na mahitaji yako, na mahitaji hayathibitishwi kwa kulia. Mwambie mwenye nyumba akuandikie mkataba wa pango wenye jina lako, idadi ya watu wanaolala humo, kiasi na tarehe. Kila ukilipa, risiti. Kama hana kitabu cha risiti, mlipe kwa simu ili ujumbe ubaki. Andika pia umeme unaochangia, maji unayonunua kwa ndoo, na nauli ya watoto kama shule imebaki kule Mkonze. Mama anayesimama mbele ya hakimu na kusema "nateseka" anasikilizwa. Anayesimama na karatasi inayosema 60,000, na nyingine inayosema miezi sita inatakiwa kwa mkupuo, anapewa amri inayoendana na karatasi zake.

Halafu kuna wale wapangaji wawili. Umewataja kwa sentensi moja, nami naona pale ndipo penye nafuu ya haraka kuliko kwingine kote. Vile vyumba mlivijenga pamoja, na kodi yake ni pato la nyumba ya ndoa. Kabla hujafika mahakamani, nenda ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Jiji. Hawatozi fedha. Watamwita mumeo, na mkiwa mbele ya afisa wewe pendekeza jambo dogo ambalo yeye hawezi kulikataa bila kuonekana: kodi ya wale wapangaji iwe inakuja kwako moja kwa moja, ilipie chumba chako, mpaka hapo mtakapoelewana au mahakama itakapoamua. Nimeona wanaume waliogoma kabisa kutoa shilingi mfukoni wakalikubali hili, kwa sababu haliwagusi kwenye mshahara na haliwafedheheshi kazini. Likikubaliwa liandikwe, mtie saini wote na afisa ashuhudie. Sheria ya Ndoa inayatambua makubaliano ya mume na mke ya kuishi mbalimbali, pamoja na yale waliyopatana ndani yake kuhusu matunzo na mali.

Mwenye nyumba wako naye mwonyeshe barua ya wito wa Ustawi wa Jamii. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, vyumba vya mjini vimekuwa na wagombea, na wenye nyumba wamezoea kulipwa kwa mkupuo. Lakini mpangaji mwenye karatasi yenye muhuri inayoonyesha fedha zinatoka wapi ana mahali pa kuanzia kuomba mitatu kwa mitatu. Nakusihi usikimbilie mkopo wa mtaani ili kulipa miezi sita. Wale wa riba ya kila wiki watakunyang'anya mtaji wa mafuta, na mtaji ule ndio unaowalisha watoto sasa hivi.

Umesema hutaki talaka. Huhitaji. Sheria yetu ina amri ya kutengana, ambayo ni tofauti na talaka: ndoa inabaki, ila hamlazimiki kuishi pamoja, na mahakama ikitoa amri hiyo ina uwezo uleule wa kugawa mali. Wanawake wengi Wakatoliki na wa makanisa mengine wanakaa miaka bila kudai chochote kwa kudhani mlango pekee wa kufikia mali ni talaka, na mapadre na wachungaji wetu wangewafaa sana kama wangelitaja hili wanapowapa ushauri. Anayeomba talaka ndiye anayedaiwa cheti cha Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kinachosema usuluhishi umeshindikana, tena cheti kisichozidi miezi 6 tangu kitolewe. Baraza lenyewe ni la kata anayoishi mume, au la jumuiya yenu ya dini kama ninyi wawili ni wa jumuiya moja na ina baraza linalotambuliwa. Hata wewe usiyetaka talaka nakushauri ufike barazani. Mengi yanamalizika pale, na yasiyomalizika yanaandikwa.

Shauri la ndoa linaweza kuanzia mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu. Kwako mahakama ya mwanzo inatosha. Iko karibu, gharama yake ni ndogo, na Kiswahili chako ndicho kitakachoandikwa. Hukumu usiporidhika nayo, una siku 45 za kukata rufaa.

Nimebakiza ushahidi, na hapa nakuomba usome polepole.

Mumeo akifika pale atasema ulikuwa mama wa nyumbani, hukuwa na kazi, nyumba ni jasho lake. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno. Kuna shauri nililoliandika kwa mkono wangu, mume kaleta ndugu zake watatu wote wanasema hivyo hivyo, mke kaja na fundi mmoja mzee wa Kizota. Hakimu akamuuliza fundi, wakati wa kufyatua matofali, maji mlikuwa mnatoa wapi? Wasomaji wa Dodoma mnajua swali hilo ni zito kiasi gani mwezi wa tisa. Fundi akasema maji alikuwa analeta mama huyu kwa mkokoteni, alfajiri, kabla foleni ya kisimani haijawa ndefu, na tofali lisilomwagiliwa siku saba lisingesimamisha ukuta. Akaulizwa saruji nani alikuwa anakukabidhi? Mama huyu, alikuwa anahesabu mifuko anaandika kwenye daftari la mtoto la hesabu. Na daftari lilikuwepo, mama akalitoa kwenye kanga, upande mmoja kujumlisha na kutoa, upande wa pili "mifuko 6, nondo 4, kokoto tripu 1". Hakimu alilipokea kama kielelezo. Ndugu watatu wa mume hawakuwa na la kulijibu daftari lile.

Mahakama ya Rufani tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikwisha kukubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo hata kupika na kulea kunahesabiwa. Lakini kiasi cha sehemu utakayopata kinafuata kiasi cha mchango ulioonyesha, wala mtu asikuahidi nusu kwa nusu kabla ushahidi haujasikilizwa. Wewe una zaidi ya kupika. Una mkopo wa kikoba. Mwombe katibu wa kikundi akutolee ukurasa wa mkopo ule, tarehe uliyochukua, kiasi, sababu uliyoandikisha, na jinsi ulivyorejesha, ausaini na mhuri wa kikundi kama upo. Duka la mabati kama bado lipo, waulize kama wana nakala ya risiti. Fundi aliyeezeka mtafute sasa, usingoje siku ya kesi, mafundi wanahama na kazi. Majirani waliokuwepo mwaka 2014, yule mwenyeji aliyewauzia kiwanja, picha za simu za siku mnaezeka. Na kama siku ya kuandikishana kwa mwenyekiti nawe ulitia saini ya ushahidi, nakala ile ni dhahabu.

Ukikwama, usiuze debe la mafuta kumlipa mtu wa kukuandikia barua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa watoa msaada waliosajiliwa kuwahudumia bure wasio na uwezo. Msaidizi wa kisheria atakuandalia karatasi na kukuelekeza, ila mahakamani hawezi kukuwakilisha, utasimama mwenyewe au na wakili. Anza kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki hapa Dodoma, uulize dawati la msaada.

Niandikie zuio likishapita. Nitafurahi kujua.

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume, nimetengana na mke wangu tangu mwaka jana. Nyumba iko Ipagala, nimemwachia yeye na watoto, mimi nimepanga chumba na sebule Kizota. Nyumba ile niliimalizia kwa mkopo wa benki, makato yanatoka kwenye mshahara kila mwezi, yamebaki ya miaka minne. Nikitoa makato na kodi ya Kizota, kinachobaki ni kidogo mno, na bado mke anadai matunzo. Nataka niipangishe ile nyumba, wao niwatafutie vyumba vya bei nafuu. Wanasema safu yako inawatetea wanawake tu. Na mimi nisaidie.

Baba anayelipa, Kizota

Marahaba mwanangu. Safu hii ni ya yeyote anayelala kwenye chumba cha kupanga huku akiifikiria nyumba yake, na ulivyowaachia watoto paa lao umefanya jambo la kiungwana.

Kuipangisha bila mkeo kukubali huwezi. Ni kifungu kilekile cha 59 nilichomwambia mama wa Chang'ombe. Akikubali kwa maandishi, ni sawa. Asipokubali, usipeleke mpangaji pale, utajiharibia mwenyewe mbele ya hakimu.

Lakini unayo mengi ya kusema, na hujayasema popote. Malazi ni sehemu ya matunzo, na wewe malazi unayatoa kila mwezi kupitia makato yale. Madai ya mkeo yakifika Ustawi wa Jamii au mahakamani, nenda na hati ya mshahara inayoonyesha makato, mkataba wako wa Kizota na risiti zake. Kiasi kitapangwa kwa kuangalia uwezo wako uliobaki baada ya hayo, pamoja na kipato cha mkeo kwa upande wa watoto, maana sheria ya mtoto inatazama wazazi wote wawili. Usikae kimya ukasubiri uamriwe kiasi ambacho kimepangwa kwa kutazama mshahara ghafi.

Kila makato unayolipa tangu mtengane, weka taarifa yake ya benki. Siku mali ikigawanywa, deni lililokopwa kwa faida ya familia linahesabiwa, na aliyelilipa anahesabiwa kwa alicholipa. Angalia pia kama nyumba yenyewe iliwekwa rehani. Rehani ya nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenza, kwa hiyo saini ya mkeo inapaswa kuwemo. Na kama unaona mwezi unakuja ambao hutaweza kumudu, nenda benki kabla ya kukosa, uombe marejesho yarefushwe. Hilo linapunguza makato ya mwezi bila kumgusa mtoto yeyote wala kumhamisha mtu. Kwa hesabu ulizoniandikia, naona hapo ndipo pa kuanzia, si kwa wapangaji.

Shangazi, mimi niliishi na mwanamume miaka sita Kondoa, hatukufunga ndoa yoyote. Tumejenga, amenitoa, nimepanga. Nina haki gani?

Asiye na cheti, Kondoa

Mwanangu, mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yeye akithibitisha vinginevyo, tuseme alikuwa na ndoa nyingine ya Kikristo wakati huo, bado sheria inakuruhusu kuomba matunzo yako na ya watoto, na mahakama inaweza kukupa nafuu nyingine inayoona inafaa. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni watu: mjumbe, majirani, wazazi wa pande zote mbili, kadi za kliniki zenye jina lake kama baba, na mtu yeyote aliyewahi kuwaita mke na mume mbele ya wengine. Kisha fuata yale ya ushahidi wa ujenzi niliyomwandikia mama wa Chang'ombe, na mkataba wako wa pango huko uliko uanze kuutunza leo.